Kijana Asiyesadikiwa: Niliyojifunza katika Kuandika Riwaya za Taharuki

Anayesikia kwamba ninaandika riwaya za taharuki za vijana, zile ambazo ndani yake mna mizimu, sauti zisizo na wenyewe na milango isiyokubali kufungwa, huniuliza karibu kila mara ninakowatoa viumbe wangu wa kutisha. Swali hilo ninalijibu kwa heshima, kwa kuwa aliyeuliza ametaka kujua, lakini viumbe ndio sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii. Yeyote aliyewahi kulala peke yake katika nyumba ngeni anaweza kubuni kiumbe cha kutisha kabla hakujapambazuka. Kilichonichukua muda mrefu kukielewa, na ambacho sasa ndicho ninachokitafuta kabla sijaandika hata sentensi moja ya riwaya mpya, ni jambo jingine. Msomaji wa miaka 13 au 17 hakeshi na kitabu kwa sababu ya umbo la mzimu. Anakesha nacho kwa sababu ya upweke wa mtu wa rika lake aliyeona jambo la kweli, akalisema, asipate wa kumsadiki.

Umri huo ndio umri wa kutosadikiwa. Kijana ana macho ya mtu mzima na neno la mtoto. Anaona kwamba wazazi wake wameacha kuzungumza mezani, anaona kwamba rafiki yake amebadilika tangu alipoanza kwenda kwa mtu fulani, anaona kwamba mwalimu anayesifiwa na wote ana ukatili wake wa faraghani. Na akifungua kinywa huambiwa kwamba ameota, kwamba ametia chumvi, kwamba atakua aelewe. Mzimu katika riwaya unalipa jambo hilo mwili. Unamfanya msomaji aone kwa macho kile ambacho katika maisha yake hakina umbo, yaani ukweli anaoujua peke yake na ambao kila anapoutamka unarudishwa kwake ukiwa mdogo kuliko alivyoutoa. Nikiwa sijapata uhusiano huo kati ya kinachotisha na kinachokataliwa kusadikiwa, ninajua kwamba nina tukio tu mkononi, na kwamba riwaya bado sina.

Nina desturi ya kuwapa vijana wachache mswada kabla haujafika kwa mhariri, kwa ruhusa ya wazazi wao, nikiwaomba wasinisifu bali waweke alama ya penseli mahali walipoacha kuamini. Msichana mmoja alinirudishia kurasa ambazo hazikuwa na alama yoyote hadi sura ya tatu, na hapo pambizoni palikuwa na swali moja tu: "Kwa nini hamwambii mama yake?" Sijapata somo la uandishi lililo fupi na zito kuliko hilo. Waandishi wengi wa aina hii hulikwepa swali lenyewe kwa kumwondoa mama: amefariki, amesafiri, simu yake haipatikani, au ana kazi nyingi mno. Msomaji kijana anaitambua mbinu hiyo mara moja, kwa sababu yeye ana mama, au shangazi, au babu, na anajua kwamba mtu anayeogopa hasa hukimbilia kwa mtu. Tangu hapo mhusika wangu mkuu husema. Husema mapema, husema kwa maneno kamili, husema kwa mtu anayempenda, na riwaya hujengwa juu ya kile kinachotokea baada ya kusema.

Katika mswada ule nililiandika upya tukio lote. Msichana wa riwaya, ambaye yuko nyumbani kwa likizo fupi, anamwambia mama yake kwamba bwenini kwao, taa zikishazimwa, pumzi zinazosikika zinazidi vitanda kwa moja. Mama hacheki wala hafoki. Anaacha alichokuwa akikifanya, anaketi ukingoni mwa kitanda, anasikiliza hadi mwisho bila kumkata maneno, kisha ananyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya paji la uso wa mwanawe aone kama ana homa. Hakuna neno la kukanusha lililotamkwa katika ukurasa mzima, lakini kiganja kile ndicho kukanusha kwenyewe. Vijana waliosoma toleo hilo waliniambia kwamba hapo ndipo walipoogopa zaidi, kuliko sura zote ambamo kiumbe kinaonekana, na mmoja wao alisema alihisi kana kwamba mlango umefungwa kwa upole. Upendo usiosadiki unamwacha kijana peke yake kuliko chuki, kwa sababu chuki angeweza kuikimbia.

Kutokana na hapo nikalazimika kukubali jambo la pili, nalo ni kwamba watu wazima katika riwaya hizi hawaruhusiwi kuwa wapumbavu. Mtu mzima asiyesadiki kwa sababu ni mpumbavu hatishi, anamchosha msomaji. Anayetisha ni yule mwenye akili, mwenye huruma, na mwenye hoja nzuri. Basi sehemu kubwa ya utafiti wangu, kinyume na watu wanavyodhani, haihusu mizimu hata kidogo. Ninatafuta kila maelezo ya kawaida yanayoweza kuiangusha hadithi yangu, na ninamkabidhi mtu mzima aliye imara kabisa awe wakili wa maelezo hayo.

Maelezo hayo ni mengi, na baadhi yake yanashangaza kuliko mizimu. Kukabwa na jinamizi, kwa mfano, ni hali inayojulikana vizuri: mtu anaamka akili ikiwa macho ilhali misuli ya mwili bado imelegezwa na usingizi wa ndoto, hawezi kujigeuza wala kupiga kelele, na mara nyingi anahisi kwamba yupo mtu chumbani au kifuani pake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Brian Sharpless na Jacques Barber yalikadiria kwamba watu wapatao asilimia 7.6 hupatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na kwamba miongoni mwa wanafunzi kiwango kilifika asilimia 28.3. Nilipoiona tarakimu hiyo ya pili nilikaa nayo muda mrefu. Ina maana kwamba katika darasa lolote linalosoma kitabu changu huenda wamo kadhaa ambao tayari wameshaamka usiku wakaona kitu kimesimama miguuni pao, na ambao pengine hawakumwambia mtu.

Kuna pia kisa cha mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara iliyosemwa na wenzake kwamba ina mambo. Yeye mwenyewe alihisi baridi, wasiwasi mkubwa, na akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Baadaye aligundua kwamba upanga wake wa mchezo, alioubana kwenye jiliwa ili autengeneze, ulikuwa ukitikisika wenyewe, na akafuatilia mtikisiko huo hadi kwenye feni mpya ya kutolea hewa iliyokuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, yaani chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu huanza kusikia. Aliandika habari hiyo mwaka 1998. Na muda mrefu kabla yake, mwaka 1921, daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alikuwa ameandika kuhusu familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo katika nyumba yao, hadi ilipobainika kwamba tanuri bovu la kupashia nyumba joto lilikuwa likivujisha hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi.

Mlezi wa bweni katika riwaya yangu nilimpa feni. Anaingia chumbani mchana, anapanda juu ya kiti, anaigusa kwa kiganja feni ya ukutani, na kumweleza msichana kwa utaratibu, bila dharau yoyote, kwamba mashine kuukuu inaweza kutoa mvumo unaofanana na pumzi, kwamba mwili wa mtu huchukua mvumo huo ukaugeuza hofu, na kwamba hakuna aibu katika hilo. Kisha anaizima. Usiku huo mvumo haupo, na kwa hiyo pumzi zinahesabika vizuri zaidi. Ninachokitaka katika kila maelezo ya kawaida ni hicho: yawe ya kweli, yaondoe sehemu fulani ya fumbo kwa haki, na yaache baki. Baki lile dogo linalosalia baada ya hoja nzuri kumalizika ndilo linalomnyima msomaji usingizi. Nikimpa fumbo zima tangu mwanzo bila mtu wa kulipunguza, linakuwa kubwa mno kumhusu.

Mvuto wa shaka nilianza kuuhisi nikiwa msomaji tu, kwa Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na mwandishi Muhammed Said Abdulla, katika riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, ambayo jina lake tu, Mzimu wa Watu wa Kale, linamtayarisha msomaji kwa mambo ya ghaibu. Bwana Msa, na kiko chake, anaikuta hofu ya watu ikiwa imesimama pale palipotokea kifo, na badala ya kuikejeli au kuipigia magoti, anauliza maswali. Niliona kwamba hofu haipungui anapouliza. Inazidi, kwa sababu kila swali linamkaribisha msomaji mahali ambapo asingethubutu kwenda peke yake. Mimi sikufuata njia yake hadi mwisho, maana katika vitabu vyangu lipo jambo ambalo halitatuliwi kwa akili, lakini hatua zake za kwanza ninazifuata hadi leo.

Mwanazuoni Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, alisema kwamba kiini cha fasihi hiyo ni kusitasita: msomaji, na mara nyingi mhusika pia, hajui kama kinachotokea kina maelezo ya kawaida au kinavunja kanuni za dunia, na mara tu uamuzi unapofanywa upande mmoja au mwingine, tumeshatoka katika eneo hilo tukaingia katika aina nyingine ya hadithi. Nakubaliana naye, ila kwa wasomaji wangu ninaongeza sharti langu. Kijana mhusika hawezi kusitasita kwa muda ule ule anaositasita msomaji. Yeye alikuwapo. Alisikia. Anaacha kusitasita mapema kuliko sote, na kuanzia hapo taharuki inahama kutoka kwenye swali la kama jambo lipo hadi kwenye swali la nani atakuja upande wake kabla hajachelewa. Wengi wa vijana ninaozungumza nao wanalieleza hilo bila kutumia istilahi yoyote. Husema: "Nilitaka tu mtu mmoja amwamini."

Sasa niseme kuhusu mzimu wenyewe, maana haufai kupuuzwa. Kabla ya kuandika sura ya kwanza huwa ninaandika ukurasa mmoja wa sheria zake: unakuja lini, unaweza nini, hauwezi nini, unataka nini, na nini kinaufukuza au kuuvuta. Ukurasa huo hauingii kamwe katika kitabu. Katika riwaya ya bweni sheria zilikuwa chache: pumzi ya ziada husikika gizani tu, hunyamaza mtu yeyote akisema neno, na kila usiku inatoka kitanda kilicho karibu zaidi na mlango kuliko jana yake. Mwongozaji wa filamu za taharuki Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake mashuhuri na mwongozaji mwenzake François Truffaut, alieleza kwamba bomu linalolipuka chini ya meza bila onyo humpa mtazamaji mshtuko wa sekunde 15, lakini mtazamaji akilijua bomu hilo mapema na wanaozungumza mezani wasilijue, anapata dakika 15 za taharuki. Kwa bomu kazi ni rahisi, kwa kuwa kila mtu anajua bomu hufanya nini. Mzimu haujulikani, na mwandishi asiyeufundisha uwezo wake na mipaka yake amemnyima msomaji zile dakika 15. Kitu kinachoweza kufanya chochote hakitishi kwa muda mrefu; msomaji anakata tamaa, na aliyekata tamaa hafungui ukurasa unaofuata.

Aliyeziona sheria hizo ni kijana, na hilo kwangu ni sehemu ya uzuri wa aina hii ya riwaya. Watu wazima hawazijui kwa sababu hawakuwa wakiangalia. Msichana wangu amezigundua kwa kulala macho, kuhesabu, kuandika nyuma ya daftari la hesabu, kujaribu neno moja gizani na kusikiliza kimya kilichofuata. Maarifa yake yamekusanywa kwa uangalifu ambao mwalimu yeyote wa sayansi angeuheshimu laiti angeuona. Ndivyo asiyesadikiwa anavyopata nguvu ndani ya hadithi: anakuwa mjuzi peke yake, na ujuzi wake ni wa kweli.

Ann Radcliffe, mmoja wa waasisi wa riwaya za kutisha za Uingereza, alitofautisha hofu mbili katika insha iliyochapishwa mwaka 1826, miaka 3 baada ya kifo chake. Moja, alisema, huikunjua nafsi na kuamsha nguvu zake hadi ukomo. Nyingine huikunja, huigandisha na karibu kuiangamiza. Ninaitumia tofauti hiyo kila siku ninapohariri. Rasimu yangu ya kwanza ya tukio la usiku ilikuwa na sentensi hii: "Aligeuka akaona kivuli kikubwa cheusi chenye macho mekundu kikimkodolea kutoka kwenye kona, na damu ikamganda mwilini." Hakuna kosa la sarufi hapo, na bado sentensi nzima inamgandisha msomaji pamoja na mhusika; imeshamaliza kila kitu, haina kazi yoyote iliyomwachia. Ilipotoka mikononi mwangu mara ya mwisho ilikuwa imekuwa hivi: "Alihesabu pumzi. Kumi na mbili. Akahesabu tena, polepole, akianzia dirishani. Vitanda vilikuwa kumi na kimoja, na kimoja kati yake kilikuwa chake, naye alikuwa ameibana pumzi." Msomaji anayefika hapo husimama akafanya hesabu mwenyewe, na akiimaliza anagundua jambo ambalo sikulisema, kwamba pumzi za ziada usiku huo hazikuwa moja. Hakuna rangi wala umbo katika sentensi hizo, na nafsi yake imekunjuka ikaenda kutafuta.

Nimegundua pia kwamba masikio na ngozi hutumikia kazi hii kuliko macho. Kinachoonekana kinaweza kupimwa, kinaweza kuelekezewa kidole, na mtu mwingine akaitwa aje akione. Kinachosikika mara moja, au kinachohisiwa kama ubaridi nyuma ya shingo, kinabaki kuwa mali ya aliyekipata, na mwenzake aliyeketi karibu anaweza kukikana kwa dhati. Kwa hiyo hata uteuzi wa hisi unarudi kwenye jambo lile lile la kusadikiwa. Ninasoma kila sura kwa sauti kabla ya kuiacha, na pale pumzi yangu inapokatika mahali ambapo sentensi haikukusudia, ninaigawa au ninaiunganisha upya.

Saa za kufanya kazi hiyo si usiku, ingawa watu wengi hupenda kufikiri hivyo. Matukio ya kutisha ninayaandika asubuhi, akili ikiwa imetulia, kwa sababu taharuki ni kazi ya vipimo: nani anajua nini, tangu sura ipi, na msomaji amemtangulia kwa hatua ngapi. Alasiri ninaandika mazungumzo. Wasomaji wangu ndio wenye usiku. Wataalamu wa usingizi wamethibitisha kwamba mtu akibalehe saa ya mwili wake husogea mbele, na homoni ya melatonini inayoleta usingizi huanza kutolewa saa moja au mbili baadaye kuliko alipokuwa mtoto. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za rika hilo zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Kwa mwandishi maana yake ni kwamba msomaji wangu yuko macho wakati nyumba nzima imelala, bila kosa lake, na katika saa hizo yeye ndiye mlinzi pekee wa nyumba. Sura zangu nimezifupisha kwa kumfikiria mtu huyo. Anayesoma saa sita usiku akijiambia "moja tu" anastahili sura inayomalizika kweli, hata kama inamwacha na swali.

Kuhusu wachapishaji nitasema machache. Riwaya ya vijana ya aina hii kwa kawaida huwa na maneno kati ya 50,000 na 80,000, na kutoka mkataba hadi kitabu kufika mkononi mwa msomaji mara nyingi hupita mwaka mmoja na nusu au miwili, hivyo mwandishi anayetaka kusifiwa haraka amechagua kazi isiyo yake. Mhariri mmoja aliwahi kunitaka niongeze damu kwa hoja kwamba vijana wa leo hawatishiki. Mwingine alitaka nipunguze giza kwa hoja kwamba vijana hawaliwezi. Wote wawili walizungumza juu ya vijana kana kwamba hawamo chumbani. Mwandishi Mwingereza Mary Shelley alianza kuandika riwaya ya kutisha ya Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, na kitabu kilipotoka mwaka 1818 alikuwa na miaka 20. Umri ule ule ambao mhariri anaogopa kuukabidhi giza ndio uliowapa walimwengu mojawapo ya hadithi za giza zinazosomwa hadi leo. Ninawatetea wasomaji wangu kwa hoja hiyo kila ninapotakiwa kuwarahisishia.

Lipo eneo la kazi hii ambalo hakuna aliyenitayarisha kulipokea, nalo ni barua. Vijana huandika. Wengine huuliza kama mzimu utarudi, wengine hunipelekea hadithi zao, na wengine, kwa maneno machache yaliyofutwa na kuandikwa tena, hunieleza kwamba nao walisema jambo hawakusadikiwa, na jambo lenyewe halikuwa mzimu. Barua ya namna hiyo haijibiwi kwa maneno ya kifasihi. Ninamjibu siku hiyo hiyo, ninamwambia wazi kwamba ninamsadiki, ninamwambia kwamba mimi ni mwandishi tu wala sina uwezo wa kumlinda nikiwa mbali, na ninamsihi amweleze mtu mzima mwingine aliye karibu naye, kisha mwingine iwapo wa kwanza hakusikia, au apige simu kwenye huduma ya msaada kwa watoto iliyopo nchini mwake, ambayo namba yake ninaitafuta kabla ya kutuma jibu. Nimezungumza na wataalamu wa malezi ili nijue nini nisiseme, hasa nisimwahidi siri na nisimhoji habari zaidi ya aliyotaka kunipa.

Barua hizo zimebadilisha namna ninavyomaliza vitabu. Zamani nilijiuliza kama mwishoni mzimu uelezwe au usielezwe, ushindwe au ubaki. Siku hizi ninajiuliza kwanza ni nani atakayesadiki, katika sura ya ngapi, na kwa gharama gani kwake. Ninakataa mwisho ambamo kijana anashinda peke yake na watu wazima hawajui kamwe, ingawa unapendeza kama ushujaa, kwa sababu unamfundisha msomaji aliye na siri nzito kwamba kunyamaza ndiko ukubwa. Ninakataa pia ule ambamo wote wanasadiki kwa mkupuo baada ya kuona kwa macho yao, maana katika maisha hakuna anayepewa mashahidi wa kutosha namna hiyo. Mtu mmoja anatosha, lakini mmoja huyo awe amejengwa tangu mwanzo, awe na sababu zake za kutosadiki, na azivuke.

Katika riwaya ya bweni, ambayo sasa iko katika rasimu yake ya mwisho, mtu huyo ni mlezi wa bweni, yule yule wa feni. Anarudi usiku na kiti chake, anaketi gizani kati ya vitanda, na anahesabu pamoja na msichana. Mimi na mhariri wangu, ambaye ninamheshimu sana, tumevutana kuhusu kinachofuata. Yeye anaona kwamba ni lazima mlezi aisikie pumzi ya ziada, la sivyo msomaji atahisi amedhulumiwa. Mimi naona kwamba akiisikia, atakuwa amesadiki masikio yake mwenyewe, na msichana atakuwa amebaki pale pale alipokuwa. Ninataka ahesabu hadi kumi na moja, asisikie zaidi, na bado awashe taa, awaamshe wote na kuwahamisha usiku ule ule kwa sababu mtoto aliyemjua kuwa mkweli amemwambia hivyo. Ili uamuzi huo usionekane umeshuka kutoka mbinguni, imenibidi nirudi hadi sura ya tano na kumpa mlezi jioni moja ambayo aligundua kwamba msichana alisema kweli katika jambo dogo lililomletea hasara yeye mwenyewe. Sura hiyo ndiyo ninayoiandika upya sasa, na ya mwisho itabaki kama nilivyoiweka.